Nyota wa leo au ahadi ya kesho? Somo la Micah Parsons kwa kila shabiki

Kama ulikulia mtaani, unakumbuka jinsi timu zilivyogawanywa. Manahodha wawili wanasimama mbele, wengine wanajipanga ukutani, kisha kila nahodha anachagua mmoja kwa zamu. Wa kwanza kuitwa ni yule msee wa chenga anayejulikana hadi mtaa wa pili. Wa mwisho anaambiwa aingie golini. Na kabla mpira haujaguswa, ubishi umeshaanza: "Mbona umemchukua huyo ukamwacha huyu?"

Wamarekani wameuchukua mchezo huo wa ukutani wakaufanya sherehe ya kitaifa. Kila Aprili, timu 32 za NFL, ligi ya ile futiboli ya mpira wenye umbo la yai, huchagua vijana kutoka vyuo vikuu kwa zamu, raundi saba. Shughuli hiyo huitwa drafti. Timu iliyovurunda zaidi msimu uliopita huchagua kwanza, bingwa huchagua mwisho. Drafti ya 2025 iliandaliwa Green Bay, mji wenye wakazi zaidi ya laki moja kidogo tu, na kwa mujibu wa NFL mahudhurio ya siku tatu yalifika 600,000. Watu walifunga safari kwenda kusikiliza majina yakisomwa! Hapa Nairobi, jina la kwanza lilisomwa saa tisa usiku.

Mimi niliingizwa katika haya mambo na binamu yangu anayeishi Texas, shabiki sugu wa Dallas Cowboys. Mnamo Agosti 28, 2025 alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Karibu dakika nzima ya kwanza alikuwa anahema tu. Kisha akasema: "Wamempeana Parsons, bana. Wamempeana."

Tangu siku hiyo, ubishi kuhusu Micah Parsons haujatulia. Nami nimegundua kwamba mashabiki wanaozozana kumhusu huwa hawajibu swali moja. Kuna wanaouliza kama mchezaji ni mzuri, na kuna wanaouliza kama biashara ilikuwa nzuri. Haya ni maswali mawili tofauti, na anayeyachanganya atabishana hadi asubuhi bila kufika popote.

Waliuza nini, wakapata nini?

Parsons ni mlinzi ambaye kazi yake kuu ni kumkimbiza kwotabaki wa wapinzani, yule mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, na kumwangusha kabla hajarusha. Dallas walimchagua katika drafti ya 2021, nafasi ya 12. Katika misimu minne alimaliza na maangusho 52.5, na hakuna msimu hata mmoja aliopata chini ya 12. Kwa lugha ya soka yetu, huyo ni fowadi anayekuhakikishia mabao 20 kila mwaka bila kukosa.

Alipoelekea mwaka wa tano wa mkataba wake wa mwanzo, ambao ungemlipa karibu dola milioni 24, alitaka mkataba mpya. Mmiliki wa Cowboys, Jerry Jones, alijadiliana naye moja kwa moja, mambo yakakwama, na Agosti 1 Parsons akatangaza hadharani kwamba anataka kuondoka. Wiki nne baadaye alikuwa mchezaji wa Green Bay Packers, akiwa na mkataba wa miaka minne wenye thamani ya dola milioni 188, yaani wastani wa milioni 47 kwa mwaka.

Na Dallas je? Hapa ndipo NFL inapotofautiana na ligi tunazozifuata kila wikendi. Liverpool walipomuuza Philippe Coutinho kwa Barcelona Januari 2018, waliingiza pesa, na miezi michache baadaye wakamnunua kipa Alisson. Mwaka uliofuata walikuwa mabingwa wa Ulaya. Katika NFL, timu hazinunuani wachezaji kwa pesa namna hiyo. Unatoa mchezaji, unapokea mchezaji, au unapokea zamu ya mwenzako pale ukutani. Dallas walipokea mlinzi wa katikati Kenny Clark, pamoja na zamu za Packers za raundi ya kwanza katika drafti za 2026 na 2027.

Kwa hivyo walitoa binadamu aliye uwanjani leo, wakapewa Clark na haki ya kuchagua vijana wawili ambao, wakati huo, bado walikuwa wanakimbia mihadhara ya asubuhi chuoni. Hebu fikiria unamweleza hayo shabiki aliyelipia tiketi ya msimu.

Hesabu ambayo hasira haitaki kusikia

Wacha tuwatendee haki waliomtetea Jones. NFL ina kikomo cha mishahara. Mwaka wa 2025 kila timu iliruhusiwa dola milioni 279.2 kwa kikosi kizima. Dallas tayari walikuwa na kwotabaki Dak Prescott kwa wastani wa milioni 60 kwa mwaka, na mdakaji CeeDee Lamb kwa wastani wa milioni 34. Ongeza Parsons na milioni 47 zake, unafika milioni 141. Wahasibu wana njia nyingi za kuisambaza pesa hiyo katika miaka kadhaa, lakini kwa wastani, wachezaji watatu wangekula nusu ya sufuria. Kikosi kina watu 53. Hao 50 wengine wangegawana ukoko.

Hoja hiyo ina uzito. Kila aliyewahi kupanga bajeti ya nyumba ya kupanga anaielewa: ukilipa kodi ya Kilimani kwa mshahara wa kawaida, mwisho wa mwezi unakula chai na mkate.

Watetezi wa biashara hiyo pia walikumbushana 1989. Oktoba 12 mwaka huo, Dallas walimtoa nyota wao mkubwa, Herschel Walker, kwa Minnesota Vikings, wakapokea wachezaji watano na rundo la zamu za drafti, zikiwemo tatu za raundi ya kwanza. Msimu huo Dallas walishinda mechi moja tu na kupoteza 15. Lakini zamu zile ziliwasaidia kumpata Emmitt Smith, ambaye baadaye alikuwa mkimbiaji mwenye yadi nyingi zaidi katika historia ya NFL, na Cowboys wakatwaa ubingwa wa misimu ya 1992, 1993 na 1995. Mmiliki alikuwa Jerry Jones huyu huyu.

"Tulifanya hivyo tukashinda mara tatu," shabiki wa upande huo anakwambia. Je, anasema kweli? Ndiyo. Je, mambo yalikuwa yale yale? Hapana.

Mwaka 1989 Dallas walikuwa timu mbovu kabisa. Hawakuwa na leo ya kupoteza, kwa hivyo kuiuza na kununua kesho kulikuwa na mantiki. Mwaka 2025 kwotabaki wao alikuwa na miaka 32 na analipwa ili ashinde sasa hivi. Kijana wa drafti ya 2027 akihitaji misimu miwili kukomaa, Prescott atakuwa ameshapita miaka 35. Yaani saa ya mkono wa kushoto inasema "tushinde leo" na ya mkono wa kulia inasema "tujenge kesho." Ukivaa zote mbili, utachelewa kila mahali.

Na Dallas wenyewe walionyesha mkanganyiko huo. Novemba 4, miezi miwili tu baadaye, walimchukua mlinzi Quinnen Williams kutoka New York Jets. Bei? Zamu ya raundi ya kwanza ya 2027, zamu ya raundi ya pili ya 2026, pamoja na mchezaji Mazi Smith. Agosti waliuza leo wakanunua kesho, Novemba wakauza kesho wakanunua leo.

Kuhusu huyo Mazi Smith, shikilia hapo kidogo. Mwaka 2023 alikuwa mwenyewe chaguo la raundi ya kwanza la Dallas. Wakati huo jina lake lilisomwa kwa shangwe, kofia kichwani, picha kila mahali. Miaka miwili na nusu baadaye alitupiwa ndani ya biashara kama nyongeza anayokutilia mama mboga. Kwa hivyo mtu akikwambia "tumepata raundi za kwanza mbili," mwulize: za akina Parsons au za akina Smith?

Zamu namba 12 ilivyozunguka

Kuna kisa kimoja ambacho ningependa kila shabiki wa mchezo wowote akijue.

Mwaka 2021, San Francisco 49ers walitaka sana kumpata kwotabaki chipukizi. Ili wapande hadi nafasi ya tatu ya drafti, waliwapa Miami Dolphins zamu yao namba 12, wakaongeza raundi ya kwanza ya 2022, raundi ya kwanza ya 2023 na raundi ya tatu ya 2022. Walimchagua Trey Lance. Kwa misimu miwili alianza mechi nne tu, majeraha yakamwandama, na Agosti 2023 akaachiliwa kwenda timu nyingine kwa zamu moja ya raundi ya nne.

Huku nyuma, katika drafti ya 2022, 49ers hao hao walimchukua kwotabaki mwingine katika zamu namba 262. Hiyo ilikuwa zamu ya mwisho kabisa, yule anayeambiwa aingie golini. Anaitwa Brock Purdy, na Februari 2024 aliwaongoza hadi fainali ya Super Bowl.

Na ile zamu namba 12 waliyoitoa? Miami waliipeleka Philadelphia, Philadelphia wakaipeleka Dallas, na Dallas wakaitumia kumchagua Micah Parsons. Timu iliyomchukua Trey Lance kwa raundi ya nne? Dallas.

Hakuna mchambuzi aliyeyaona haya yote yakija. Usiku ule wa 2021, mashabiki wengi wa Dallas walitarajia beki wa kuwadhibiti wadakaji. Mabeki wawili waliokuwa wakizungumziwa zaidi walichukuliwa na timu za mbele yao, Dallas wakarudi nyuma nafasi mbili, wakaangukia Parsons. Msimu wake wa kwanza alitajwa mlinzi bora miongoni mwa wageni wa ligi.

Wasomi Cade Massey na Richard Thaler (huyu wa pili alitunukiwa Nobel ya uchumi 2017) waliichunguza drafti kwa miaka mingi. Waligundua kwamba ukilinganisha mchezaji aliyechaguliwa na yule anayemfuata katika namba hiyo hiyo ya uwanjani, uwezekano wa wa kwanza kuwa bora ni karibu asilimia 52. Kurusha sarafu ni asilimia 50. Hao ni watu wanaolipwa mamilioni, wenye video, daktari na saa ya kupima mbio, na bado wamezidi sarafu kwa pointi mbili.

Sasa wewe na mimi, tuliotazama video ya dakika tatu, tunapata wapi ujasiri wa kusema "huyu ni takataka" usiku ule ule? Mwaka 1999 mashabiki wa Philadelphia Eagles walisafiri hadi New York wakamzomea Donovan McNabb alipochaguliwa wa pili, kwa sababu walimtaka Ricky Williams. McNabb akawafikisha fainali ya kanda mara tano na Super Bowl mara moja. New Orleans Saints, waliomtaka Williams hadi wakatoa zamu zao zote za mwaka huo na nyingine mbili za mwaka uliofuata, walishinda mechi tatu msimu huo na kocha akafutwa kazi.

Fundisho la dereva wa matatu

Turudi kwa Parsons. Septemba 28 alirudi Dallas akiwa na jezi ya kijani. Ulimwengu ulitaka mshindi ili ubishi uishe. Mechi ikaisha sare ya 40-40! Hata mpira wenyewe ulikataa kuamua.

Halafu Desemba 14, wakicheza na Denver, Parsons aliumia goti vibaya na msimu wake ukaishia hapo. Binamu yangu, yule aliyehema kwa dakika nzima, akanitumia ujumbe mwingine: "Unaona? Tuliponea."

Hapa ndipo ninapokataa. Dereva wa matatu akikatiza upande usio wake pale Mombasa Road, akakwepa trela kwa nywele na kukufikisha mjini dakika kumi mapema, hajawa dereva mzuri. Amebahatika. Na anayefuata sheria akagongwa kutoka nyuma hajawa dereva mbaya. Uamuzi hupimwa kwa kilichojulikana siku ulipofanywa. Hakuna aliyejua Agosti kwamba goti litaumia Desemba. Jeraha lile haliifanyi biashara ya Dallas kuwa ya busara, kama ambavyo haliwafanyi Packers kuwa wajinga.

Kilichojulikana Agosti ni hiki. Dallas walichelewesha mazungumzo huku bei ya walinzi wa aina yake ikipanda. Walimtoa wiki moja tu kabla ya msimu kuanza, bila muda wa kutafuta mbadala. Walimpeleka kwa timu ya kanda yao wenyewe, ambayo wangeweza kukutana nayo Januari. Na kwa kuwapa Packers mchezaji wa kuwaimarisha, walizishusha thamani zamu walizopokea, kwa sababu timu ikifanya vyema huchagua nyuma. Makosa hayo yangekuwa makosa hata kama Parsons angevunjika siku ya kwanza ya mazoezi. Kutafuta nafuu ya kikomo cha mishahara hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kungoja hadi nafuu hiyo ipatikane kwa bei ya hasara.

Nani analipa kusubiri?

Kwenye ligi ya Uingereza, ukijenga kesho vibaya unashushwa daraja na mapato yanaporomoka. NFL haina kushushwa daraja. Jones aliinunua Cowboys 1989 kwa takriban dola milioni 140. Mwaka 2025 jarida la Forbes liliikadiria kuwa na thamani ya dola bilioni 13, klabu yenye thamani kubwa zaidi duniani katika michezo yote. Na mara ya mwisho walipotwaa ubingwa? Januari 1996. Wengi mnaosoma makala hii hamkuwa mmezaliwa.

Kwa mmiliki, "tuwe na subira" ni maneno ya bei rahisi. Shabiki ndiye analipia tiketi wakati wa kusubiri, na mchezaji ndiye analipia kwa mwili. Tusisahau kwamba kijana wa drafti hachagui atakakofanya kazi. Anaitwa, anavaa kofia, anahamia. Miaka ambayo mwili wake una nguvu zaidi anaicheza kwa mshahara uliopangwa tayari. Akifika mwaka wa tano na kudai kilicho chake, mashabiki wengine wanamwita msaliti. Ni kazi gani nyingine tungekubali masharti hayo?

Hata Green Bay, ambako klabu inamilikiwa na wenyehisa zaidi ya nusu milioni wasiopata gawio lolote, hakuna anayepiga kura kumleta au kumtoa mchezaji. Kitu pekee ambacho shabiki anacho ni sauti yake. Ndiyo maana ni muhimu aitumie vizuri.

Kwa hivyo kabla hujaingia kwenye ubishi ujao, iwe ni wa Cowboys, Arsenal, United au Gor, jiulize mambo matatu. Timu yangu inataka kushinda lini, na biashara hii inaendana na saa hiyo? Bei imelingana na kilichojulikana siku hiyo, si kilichotokea baadaye? Na nani atabeba hasara ikiwa kesho hiyo haitafika? Ukiwa na majibu, bishana utakavyo. Ukiwa huna, unapiga tu kelele kama sisi wa ukutani.

Binamu yangu nilimtumia maswali hayo. Alinyamaza siku mbili, kisha akajibu kwa sauti, mara hii sekunde kumi pekee: "Sawa, biashara ilikuwa mbaya. Lakini huyo kijana wa raundi ya kwanza akiwa mkali, usinikumbushe nilisema hivi."

Nimeihifadhi hiyo sauti.